Risasi za kujazwa upya zilivyoniachia kichwa ndani ya mtutu: uzoefu wangu

Nina miaka minne nikipiga shabaha hapa Houston, Texas, na bastola yangu ni Glock 19. Mwezi uliopita nilinunua boksi la risasi 50 za milimita 9 zilizojazwa upya, yaani maganda yaliyokwisha tumika, yakasafishwa, yakatiwa kiwashio kipya (kidude cha kuwashia baruti), baruti na kichwa, yaani kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Nililipa dola 9. Za kiwandani zilikuwa dola 14. Boksi hilo kwangu linapata nyota moja. Fundi aliyenisaidia baadaye nampa zote tano, na nitaeleza kwa nini.

Kumi za mwanzo zilikwenda vizuri. Ya kumi na moja ikatoa mlio mdogo, "puf", kama mtu anayefungua chupa ya soda. Mkono haukusukumwa, slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayojirudisha kila risasi inapotoka) haikurudi nyuma, na kwenye karatasi hapakuwa na tundu jipya.

Hapa ndipo penye hatari, na ndiyo sababu ya kuandika. Tunapojifunza kupiga bastola tunafundishwa kwamba ikikwama, gonga kitako cha magazini, vuta slaidi, endelea. Tunarudia zoezi hilo mpaka mikono inalifanya bila kuomba ruhusa. Mkono wangu ulikwisha gonga, vidole vimeishika slaidi, niliposikia nyuma yangu, "Shem, acha! Hiyo haikulia!" Alikuwa mdogo wa mke wangu, ambaye ndiyo kwanza ilikuwa mara yake ya tatu kufika uwanjani. Ningeivuta ile slaidi, ganda tupu lingeruka nje na risasi nzima ingeweza kuingia chemba, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, nyuma ya kichwa kilichonasa kwenye mtutu. Kidole changu kilikuwa tayari kwa inayofuata.

Nilitoa kidole kwenye kifyatulio, mdomo wa bastola nikauacha uelekee kwenye shabaha, nikahesabu hadi 30 polepole. Kuna baruti inayochelewa kuwaka, na kwa mlio kama ule huwezi kujua mara moja ni tatizo gani. Marehemu mjomba wangu aliyewinda na gobole kule Sikonge alifanya hivyo hivyo: gobole likikataa, analiacha limeelekea porini, anavuta pumzi, ndipo analigusa. Baada ya hapo nilichomoa magazini, nikafungua slaidi, ganda tupu likatoka. Tukavua mtutu, tukaumulika kwa tochi kutoka upande wa chemba. Giza. Mwanga haukupenya.

Kiwashio peke yake kina nguvu kidogo. Kinaweza kukisukuma kichwa kitoke kwenye ganda na kujibana kwenye mifereji ya mtutu, ile michirizi ya ndani inayokizungusha kichwa, basi, kinaishia hapo. Kichwa changu kilikuwa cha greni 115, kama gramu 7 na nusu, na baruti inayotakiwa kukipeleka haifiki hata nusu gramu. Kwa hiyo mashine ya kujazia ikiruka ganda moja tu, kwa macho hutaona tofauti yoyote. Ukifyatua nyingine nyuma yake, shinikizo linakosa pa kutokea: mtutu unavimba, au unapasuka sentimita chache kutoka kwenye vidole vyako.

Wanaodhani haya ni mambo madogo wakumbuke kifo cha mwigizaji Brandon Lee, tarehe 31 Machi 1993, huko Wilmington, North Carolina. Kichwa cha risasi kilikuwa kimenasa kwenye mtutu wa bastola iliyotumika kupigia filamu na hakuna aliyekagua. Baadaye ikafyatuliwa risasi ya baruti tupu, isiyo na kichwa, nayo ikakisukuma kile kilichonasa.

Msimamizi wa uwanja alinikataza nisijaribu kukitoa mwenyewe, akanielekeza kwa fundi wa silaha. Mzee huyu aliupokea mtutu ukiwa peke yake, akadondoshea mafuta mepesi, tukasubiri. Kisha akaingiza kijiti cha shaba nyeupe chenye unene unaokaribia tundu lenyewe, kupitia mdomoni, akagonga kwa nyundo ya plastiki ili kichwa kirudi kwenye chemba kilikotokea. Kwa pigo la tano kikadondoka kwenye kitambaa. Chuma hakitumii kamwe, wala bisibisi, kwa sababu vinakwaruza mifereji. Aliuzungusha mtutu kwenye mwanga akitafuta pete ya uvimbe, hakuiona, akanitoza dola 25. Hakunikemea hata kidogo. Alinieleza kila hatua kama vile angetaka siku moja nimfundishe mwingine.

Nikamwonyesha risasi 39 zilizobaki, nikauliza kama ningeweza kuzipima kwa mizani ya jikoni. Akaweka maganda matatu matupu kwenye mizani yake, kila moja likasoma uzito tofauti. Tofauti za maganda na vichwa zinatosha kuficha baruti inayokosekana. Akaanza kuzifungua moja moja kwa nyundo yake maalumu ya kuchomolea vichwa. Mbili hazikuwa na baruti kabisa. Ya tatu ilikuwa na nusu ya kiasi, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi, kwani ingeweza kukipeleka kichwa mbali zaidi ndani ya mtutu na kuacha nafasi ya kutosha kwa risasi nyingine kuingia chemba bila kizuizi chochote.

Duka lilinirudishia dola 9 bila ubishi. Ila hakuna aliyeniuliza namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi, na hilo liliniuma kuliko hela. Siku ile ile niliwapigia simu nikawasomea namba, wakashukuru. Jumamosi iliyofuata nilipita kununua za kiwandani, nikakuta maboksi manne ya namba ile ile bado yako rafuni. Niliyabeba yote hadi kaunta, nikaomba kuonana na meneja, nikaweka mbele yake kile kichwa chenye alama za mifereji pamoja na zile risasi tatu alizozifungua fundi. Alivitazama kwa muda. Kisha akamwita kijana wa stoo, akamwambia alete na yale yaliyobaki nyuma.