Mbuga ya Bahari ya Mombasa: tazama mwezi kabla ya kulipia boti

Mbuga hii huendewa kwa hesabu ya maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa mwendo wa saa nne hadi saa tano asubuhi, kisha kila siku husogea mbele kama dakika 50. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, saa nne asubuhi maji yamejaa na kupwa kumeangukia alasiri. Ndiyo maana boti inayoondoka saa tatu kila siku ya Mungu huwavunja moyo wageni wengi: matumbawe yako mbali chini, rangi zimefifia, na fedha imeshalipwa. Ondoka ufukweni muda wa saa moja na nusu hivi kabla ya maji kupwa kabisa. Nahodha mzuri atakutajia saa hiyo mwenyewe kabla hujauliza.

Msimu nao una neno lake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa angavu. Kusi ikivuma, hasa Juni na Julai, mawimbi huvuka mwamba wa nje, mchanga hutibuka na mwani hurundikana ufukweni. Kwa kuogelea na miwani, miezi hiyo hatuipendekezi.

Mbuga ilitangazwa mwaka 1986. Ndani, kwenye kilomita za mraba 10, hakuvuliwi kitu. Hifadhi inayoizunguka, kilomita za mraba 200, inaruhusu uvuvi wa kienyeji. Faida ya katazo hilo utaiona mara tu uingizapo uso majini: pono na kangaja wakubwa wanapita karibu bila kushtuka. Tulia, usipige miguu, na utawasikia pono wakikwangua mwamba kwa meno, kru, kru, kisha wakitoa wingu la mchanga mweupe nyuma yao. Hapo peke yake panatosha kulipia safari. Kuna sehemu, lakini, ambazo ni vifusi. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi pwani yetu. Mwambie nahodha unataka matumbawe hai, asikuteremshe penye mkate na makundi ya samaki wenye mistari. Kuwalisha mkate samaki ni tabia mbaya inayopaswa kukoma: chakula hicho si chao, na huwazoesha kuomba badala ya kula mwani unaosonga matumbawe.

Kabla ya kupatana bei, panda boti uangalie kioo cha chini cha kutazamia samaki. Kikiwa na mikwaruzo au ukungu wa kijani, tafuta nyingine. Uliza kama bei ni ya boti nzima au ya kichwa, na kama kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kimo ndani. Ugomvi mwingi ufukweni huanzia hapo. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na mkaazi huhitaji kitambulisho ili atozwe bei ya mkaazi. Jaketi la kuelea livae, hata kama unajua kuogelea: bamvua inapotoka, mkondo wa kwenye mlango wa mwamba una nguvu.

Miwani ijaribu nchi kavu: ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua; ikishika, inakufaa. Nywele zikiingia chini ya mpira, maji yatapenya tu. Vaa fulana ya mikono mirefu, maana mgongo ndio huungua kwanza. Chupa za maji za plastiki zimepigwa marufuku kwenye mbuga tangu Juni 2020, kwa hiyo beba ya chuma.

Kwa matembezi, shuka matatu ya Mtwapa pale Pirates, ufuo wa umma wa Bamburi, ufuate mchanga kuelekea Nyali asubuhi ya bamvua. Mchanga ni mgumu, na vidimbwi vina viti vya pweza na kaa. Vaa viatu vya plastiki kwa ajili ya wale viumbe wa baharini wa miiba mirefu myeusi, na ukanyage mchanga tu, kwani tumbawe likivunjika huchukua miaka kurudi. Jioni za siku hizo hizo maji hufika kwenye kuta za hoteli na njia hukatika, basi usipange kurudi saa kumi.

Pomboo hapa ni bahati. Anayewataka hasa avuke Likoni aende mbuga ya bahari ya Kisite-Mpunguti kupitia Shimoni, na atenge siku nzima.