Kuwasha gari la zamani kwa remoti: kifaa kipi ununue, kipi ukiache

Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni umbali: remoti inashika mita ngapi? Kwa gari la zamani, hilo liulize mwisho. Anza na hili: kifaa kitajuaje kwamba gari halimo kwenye gia, boneti limefungwa, na injini imeshawaka? Magari mapya yana kompyuta za kujibu hayo yote kupitia waya mbili tatu za data. La zamani halina. Kila jibu hupita kwenye waya wake, na waya huo utauunga wewe au fundi umeme wako. Kwa hiyo nimevipanga vifaa kwa jinsi vinavyolichunguza gari kabla ya kuzungusha stata, ile mota ya kuwashia injini. Uzuri wa remoti sikuuhesabu.

Lakini litazame gari kwanza. Kama ni la kabureta na haliwaki mpaka uvute choki au ukanyage mafuta mara mbili, pesa yako iache mfukoni, maana remoti haina mguu. Betri iliyochoka na stata inayosuasua nazo zitengenezwe kwanza.

Nafasi ya kwanza naipa moduli ya kawaida ya waya, yaani kisanduku cha umeme kinachoungwa kwenye waya za gari, yenye remoti ya upande mmoja: inatuma amri tu, haipokei jibu. Avital 4103 ni mfano unaojulikana wa aina hii. Remoti yake haina kioo cha kuonyesha taarifa wala programu ya simu, na ndiyo inayolifaa zaidi gari la zamani, kwa sababu imetengenezwa kuungwa moja kwa moja kwenye waya nene za swichi ya ufunguo. Waya hizo utazitambua kwa multimita, kile kipimo cha umeme. Wa umeme wa kudumu una volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni. Wa ignisheni hupata umeme ufunguo ukiwa ON na haukatiki stata ikizunguka. Wa aksesari, wenye feni na redio, hukatika stata inapozunguka kisha hurudi. Wa stata huwa na umeme kwa muda ule tu wa kuzungusha. Magari mengi ya zamani yana waya wa pili wa ignisheni au wa aksesari, basi hesabu kabla ya kulipa: moduli ikiwa na njia chache kuliko swichi yako, utalazimika kuongeza rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme.

Sehemu inayotofautisha moduli nzuri na mbaya ni waya nyembamba. Tafuta wa breki (ukikanyaga, injini izime), wa swichi ya boneti (likifunguliwa, stata isizunguke, kwa sababu mikono ya mtu inaweza kuwa kwenye mkanda wa feni), na wa kusoma mizunguko ya injini. Huu wa mwisho wauzaji hupenda kusema si lazima, kwamba kifaa kinaweza kukisia kwa kuangalia volti zinavyopanda alteneta ikianza kuchaji. Kwenye gari jipya, labda. Kwenye gari ambalo alteneta yake imezeeka na betri inapanda na kushuka, kukisia huko hukosea kwa njia mbili: ama stata inaachia mapema na injini haiwaki, ama inaendelea kusaga meno injini ikiwa imeshawaka. Waya wenyewe huungwa upande hasi wa koili ya kuwashia cheche au kwenye waya wa injekta moja ya mafuta. Ni kazi ya dakika chache, nami singenunua kifaa kisicho na nafasi yake.

Kuna mtego mwingine wa magari ya zamani ambao maelezo ya kwenye boksi huupitia haraka. Gari la otomatiki kwa kawaida lina swichi ya umeme inayozuia stata gia ikiwa nje ya P (kuegesha) au N (huru). Ila baadhi ya magari ya zamani, hasa yenye mkono wa gia kwenye usukani, huzuia kwa chuma: ufunguo wenyewe haugeuki hadi mwisho. Kifaa cha remoti hakigeuzi ufunguo, kwa hiyo kizuizi hicho hakikioni kabisa. Gari liko kwenye D (gia ya kwenda mbele), unabonyeza, linaondoka. Moduli unayonunua lazima iwe na waya wa kusoma gia au hendibreki.

Nafasi ya pili ni moduli hiyohiyo yenye remoti ya pande mbili, inayokujulisha kwamba gari limewaka kweli. Inafaa kama unaegesha mahali usipolisikia. Kama gari lipo chini ya dirisha lako, unalipia kioo tu.

Ya tatu ni kifaa chenye alamu ndani yake. Si kibaya, lakini waya huongezeka, na kwenye gari ambalo swichi za milango zimeshika kutu alamu italia usiku na utaishia kuing'oa.

Ya nne, zinazoendeshwa kwa simu. Zile zenye laini yake ya simu hutegemea ada na mtandao, na mtandao huzimwa: AT&T ya Marekani ilizima 3G Februari 2022, na vifaa vilivyoitegemea vikabaki plastiki tupu. Gari lako limeishi kuliko mitandao kadhaa tayari.

Ya mwisho kabisa ni vile vifurushi visivyo na jina vyenye kitufe cha kubonyeza kwenye dashibodi, rilei ndogo na waya membamba kama uzi. Mara nyingi havisomi boneti wala gia. Viache.

Wa gia za mkono wanunue tu moduli iliyoandikwa wazi kwamba inakubali gia za mkono. Hiyo hukulazimisha, unapoegesha, utoke na injini ikiwa inawaka, gia huru, hendibreki imevutwa, kisha inazima baada ya mlango kufungwa. Mlango ukifunguliwa tena, inakataa kuwasha. Wenye dizeli watafute inayosubiri hita za ndani ya injini zipate moto kabla ya kuzungusha. Na kama ufunguo wako una chipu, au kidonge cha ukinzani kama funguo za GM zilizoanza na Corvette ya 1986, ongeza kwenye bajeti kifaa cha kuipita imobilaiza, ule mfumo unaozuia injini isiwake bila ufunguo wake halisi.

Viunganishi vya kubana vinavyotoboa waya hulegea kwenye joto na mtikisiko. Nilivitumia mara moja, nikaja kulehemu upya kila kiungo. Waya za manjano chini ya usukani usiziguse, hizo kwa kawaida ni za eabegi.

Kazi ikiisha, toa gari nje, kwenye nafasi tupu mbele na nyuma. Vuta hendibreki, weka ufunguo ON, gia kwenye D, mguu ukiwa tayari juu ya breki bila kuigusa, kisha bonyeza remoti. Stata ikithubutu kuzunguka, kanyaga breki hapohapo, zima, na usilitumie mpaka waya wa gia usahihishwe.