Kayaki ya pedeli hapa Mwanza: bodi nzuri, kastoma kea nusu nusu

Watu wakiniona natokea Capri Point na kayaki yangu (kamtumbwi kembamba ka kuvulia), nakanyaga pedeli za kuzungusha propela huku mikono iko kwenye mshipi, wanauliza bei tu. Hakuna anayeuliza spea zinapatikana wapi, na kwa huku kwetu hilo ndo swali la kwanza aisee.

Nilikuwa na wauzaji wawili, wote wa Dar. Mmoja bei poa, picha kali, ila nikimuuliza pini ya propela anauza peke yake au mpaka mtambo mzima wa pedeli, anajibu "hiyo haiharibiki bosi". Kitu chenye gia kinazunguka majini halafu hakiharibiki? Nikaachana nae. Wa pili alikuwa juu kidogo ila alinitumia video fundi wake anachomoa mtambo, anafungua gia, anaonyesha grisi inaingia wapi na spea ziko stoo. Nikalipa.

Bodi sina neno. Ni plastiki nene ile ile ya matenki ya maji, kipande kimoja haina kiungo, mawe ya Mwanza mnayajua, imekwaruzika tu haijapasuka. Ila nzito, hizi za pedeli nyingi zinapita kilo 40 kwahiyo tafuta kitoroli.

Shida magugu maji. Yanajiviringisha kwenye propela, na ndo yalinikatia pini upande wa kisiwa cha Saanane upepo wa mchana umeshaanza, nikarudi kwa kasia (kasia na boya msiache nyumbani jamani). Pini kukatika sio ubovu, imewekwa ikatike yenyewe ili gia ipone. Nikamtumia muuzaji meseji, tiki za bluu kimyaa, nikaanza kununa. Kesho yake akapiga mwenyewe, akaomba picha, pini zikaja na basi nikazichukua stendi ya Nyegezi, hakunichaji, nauli ya mzigo tu. Ila mkanda wa kiti ulipochanika akasema waranti haihusu vitambaa. Kweli imeandikwa, kwa herufi za sisimizi. Hapo namkata nyota moja.

Kama unavua kwenye magugu sana angalia za mapezi (pedeli zinapiga mapezi mawili chini ya bodi badala ya propela), mfumo ambao kampuni ya Hobie walianza nao 1997, unayalaza mapezi yakabana chini ya bodi unapita. Zile za zamani hazirudi nyuma lakini, wakati propela ukikanyaga kinyume inarudi, na sangara mkubwa akikuvutia kwenye mawe utaitaka hiyo rivasi. Mimi nimebaki na propela, pini za akiba natembea nazo, nikiona magugu nanyanyua mtambo napiga kasia.