Mto wa kunyonyeshea: uliponifaa na nilipouweka kando

Nimenyonyesha watoto wawili, wa kwanza kwa mto wa kunyonyeshea na wa pili karibu bila mto kabisa. Kwa hiyo wajawazito walio karibu nami huniuliza swali lilelile: ninunue au niache? Huwa nawaambia wasubiri wajifungue kwanza. Kama umeshapangiwa upasuaji au una mapacha tumboni, ni sawa uwe nao mapema. Kwa wengine, kufaa kwa mto huu kunategemea mno urefu wa kiwiliwili chako, ukubwa wa matiti yako na mkao utakaokukubali, na hayo huyajui mpaka mtoto awekwe kifuani.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Mshono ukiwa mbichi, chochote kinachogusa tumbo ni adhabu, sembuse kichanga anayerusha miguu kila akivuta maziwa. Nikimpakata kwa ule mkao tuliouzoea, kichwa kwenye kiwiko na tumbo lake likielekea langu, visigino vyake vilikuwa vinagonga palepale penye kidonda. Wifi yangu akaniletea mto wake, ule wa umbo la nusu mwezi unaozunguka kiuno, na muuguzi wa wodi akanifundisha kumnyonyesha mtoto akiwa chini ya kwapa. Mwili wa mtoto unapita ubavuni mwa mama, miguu ikielekea nyuma, na kiganja cha mama kinashika mabega na shingo. Mto unakaa ubavuni na kubeba uzito wake wote. Tumbo halikuguswa tena. Kwa kazi hiyo moja mto ule ulistahili sifa zote, na mama yeyote aliyetoka chumba cha upasuaji namshauri autafute, hata wa kuazima.

Faida ya pili niliiona kwenye mikono. Kichanga hunyonya kama mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24, na siku za mwanzo mara nyingine anamaliza, analala kidogo, anaamka tena kabla hujanyoosha mgongo. Ukiwa unambeba kwa nguvu za mkono mtupu, mabega yanapanda juu bila wewe kujua, shingo inakaza, na kifundo cha mkono upande wa kidole gumba kinaanza kuwaka moto. Maumivu hayo ya kifundo ni ya kawaida sana kwa wazazi wenye vichanga, na yanaweza kukukalia kwa wiki kadhaa. Mto ukiingia chini ya mkono, mabega yanashuka yenyewe. Mimi niliutambua mkao mzuri kwa dalili hiyo: mabega yakishuka, tumekaa sawa.

Sasa nieleze upande ambao matangazo hayauelezi. Mto wa wifi ulikuwa umejazwa nyuzinyuzi laini, na ulikuwa umeshatumika. Mwanzoni mtoto alikuwa juu, amekamata titi vizuri kabisa. Dakika chache baadaye mto unabonyea chini yake, yeye anashuka taratibu pamoja nao, lakini mdomo haachii. Chuchu inavutwa kuelekea chini, na mtoto sasa ananyonya ncha tu. Akiachia, chuchu inatoka imebanwa bapa, ncha yake nyeupe, na inauma kwa namna ambayo aliyewahi kuipata hahitaji kuelezwa. Mara nyingine mto ulisogea mbele ukaacha pengo kati yake na tumbo langu, na makalio ya mtoto yakazama humo. Mwili unapinda, kichwa kinageuka pembeni, na kumeza kunakuwa kwa shida. Jaribu wewe mwenyewe kunywa maji huku kidevu kimeelekea begani, utaelewa anachopitia.

Muuguzi aliponiona nimeinama juu ya mto, mgongo umepinda, nimeshika titi nalisogeza lilipo domo la mtoto, aliniambia: "Mama, mlete mtoto kwenye titi, usipeleke titi kwa mtoto." Akautoa mto, akanikalisha wima, akaweka mto wa kawaida nyuma ya kiuno na kigoda chini ya miguu. Kisha tukaanza upya. Titi liliachwa likae linapokaa lenyewe. Mtoto akalazwa ubavu, sikio, bega na nyonga yake vikiwa kwenye mstari mmoja, tumbo lake limegusa langu, pua ikielekeana na chuchu. Alipofungua mdomo kwa upana, akamvuta haraka akimtanguliza kidevu. Mto ukarudishwa mwisho kabisa, chini ya mkono wangu, kujaza nafasi iliyobaki.

Mpangilio huo ndio uliobadilisha kila kitu kwangu, na ndiyo maana nauandika kwa urefu. Wengi tunavaa mto kwanza, tunamlaza mtoto juu yake, halafu tunahangaika kulifikisha titi hapo alipo. Urefu wa mto unakuwa ndio unaoamua mtoto anyonye akiwa wapi, na mto haujui titi lako liko wapi. Anza na titi, lete mtoto, hakikisha amekamata, ndipo uangalie mkono wako unaelea wapi na uupe pa kuegemea. Ukiona kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake, mko sawa. Utasikia anameza, na mashavu yatakuwa yamejaa bila kubonyea. Chuchu ikiendelea kuuma baada ya mvuto wa kwanza wa mwanzo, ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo, mwachishe, anza tena. Hakuna mto unaorekebisha mtoto ambaye hajakamata vizuri, na maumivu yasiyokwisha ni ya kumwonyesha mkunga au muuguzi mapema. Wakati mwingine tatizo liko chini ya ulimi wa mtoto, na hilo huwezi kuliona wewe ukiwa umekaa na mto wako.

Nilipopata mtoto wa pili, nilikuwa na mto wangu mwenyewe, mgumu zaidi, wa sponji, wenye mkanda wa kufunga kiunoni. Huo haubonyei wala hausogei mbele, na juu yake pako bapa, mtoto habingiriki. Kwa ubora wa utengenezaji hauna mfano ukilinganisha na ule wa nyuzinyuzi. Hata hivyo haukunifaa. Matiti yangu safari hiyo yalikuwa mazito zaidi na yameshuka chini, na mto ulimpandisha mtoto juu ya chuchu. Ikanibidi ninyanyue titi kwa mkono mmoja muda wote anaponyonya, na nikiliachia tu, linamponyoka mdomoni. Wenye matiti makubwa na wenye kiwiliwili kifupi wengi watakutana na hili. Wenye kiwiliwili kirefu hukutana na kinyume chake: mto unaishia chini mno, nao wanajikuta wameinama.

Kuna jaribio dogo ninalowapa wenzangu kabla hawajatoa hela. Kaa kwenye kiti unachokusudia kunyonyeshea, mgongo umeegemea, titi limeachiwa. Angalia chuchu iko umbali gani kutoka kwenye mapaja. Kama nafasi hiyo inatosha mwili wa mtoto tu, mto wa kukaa chini yake hauna pa kuingia, na taulo lililokunjwa chini ya kifundo cha mkono litakutosha. Nafasi ikiwa kubwa, chukua mto wa kitandani, ukunje, uutumie siku mbili tatu. Ukiona umekusaidia lakini unakera kwa kuteleza, hapo una sababu ya kununua ule wa kunyonyeshea.

Mimi na mtoto wa pili tuliishia kwenye mkao wa kuegemea nyuma. Unajilaza nusu, mito yote ikiwa nyuma ya mgongo wako, na mtoto analala kifudifudi juu ya kifua chako, uzito wake ukibebwa na mwili wako mwenyewe. Mkunga na mtafiti Suzanne Colson ameufanyia kazi sana mkao huu, akionyesha jinsi kichanga anavyotafuta titi mwenyewe akiwekwa hivyo. Kwangu ulikuwa nafuu kubwa kwa sababu maziwa yalikuwa yanatoka kwa kasi na mtoto alikuwa akipaliwa. Akiwa juu ya titi, kasi ilipungua. Usiku nilimnyonyesha tukiwa tumelala ubavu tunatazamana, nikiwa macho, na hapo pia mto wa nusu mwezi hauna kazi.

Kuhusu kununua nitasema machache. Foronya iwe ya zipu na itoke kirahisi, kwa sababu mtoto atacheua, maziwa yatavuja, na siku moja nepi itazidiwa. Tafuta ya pili ya akiba. Mito ya vipunje vidogo vya plastiki hufuata mwili vizuri lakini hutoa sauti ya mchakacho kila ukigeuka, na kwa mtoto anayeshtuka haraka inaudhi. Mkanda wenye kifungo cha plastiki hulia kikifunguliwa, na mara kadhaa kilimwamsha mwanangu aliyekuwa ndio kwanza amesinzia. Rangi na michoro havina maana yoyote. Ya mapacha ni mipana na bapa, inazunguka mbele na pande zote mbili. Nimemwona dada mmoja akinyonyesha wawili kwa pamoja juu ya mto wa namna hiyo, mmoja kila kwapa, na sioni angewezaje bila huo.

Lipo jambo moja ambalo sitalipitia haraka. Mto wa kunyonyeshea si mahali pa kulala mtoto. Ameshiba, macho yamefumba, umbo lile la nusu mwezi linaonekana limetengenezwa kwa ajili ya kichwa chake, na wewe una usingizi wa siku nyingi. Kishawishi ni kikubwa na ninakijua. Shingo ya kichanga haina nguvu. Kichwa kikiinuliwa na mto, kidevu kinaweza kuangukia kifuani na njia ya hewa ikajikunja, bila kelele wala kupapatika. Akigeuza uso kwenye kitambaa laini, hana uwezo wa kujitoa. Mwaka 2021 kampuni ya Boppy iliondoa sokoni takribani vitanda-mto milioni 3.3 vya kuwaegemezea vichanga, baada ya vifo vya watoto 8 vilivyohusishwa navyo. Hivyo vilikuwa vya kuegemeza mtoto, havikuwa vya kunyonyeshea, lakini hatari ya kumwacha mtoto kwenye kitu laini chenye shimo katikati ni ileile. Mwaka 2024 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji ikapitisha kanuni ya lazima kwa mito ya kunyonyeshea: iwe migumu kiasi cha kutofuata uso wa mtoto, uwazi wake uwe mpana kiasi cha kutobana kichwa, isiwe na mikanda ya kumfunga mtoto, na iwe na onyo lisilobanduka. Kama unanunua popote pale, angalia mambo hayo manne. Mto laini unaomeza kiganja chako ukiubonyeza, uache hapohapo dukani.

Nyumbani kwetu tuliweka utaratibu. Mtoto akisinzia akinyonya, anainuliwa, anabeulishwa, analazwa chali kwenye godoro lake gumu, bapa, lisilo na mto wala blanketi la kuvimba. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiuchukua mto mara tu mtoto akitoka kifuani na kuuweka mbali na kitanda, hata saa nane za usiku. Nikihisi usingizi unanizidi, nilimwita amchukue mtoto, kwa sababu kusinzia kwenye kochi au kiti ukiwa na mtoto juu ya mto ni hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Waambie na wanaokusaidia kulea. Mama mkwe wangu, kwa upendo wake, alimlaza mtoto humo mchana akidhani ndiyo kazi ya mto. Nilimweleza taratibu kuhusu kidevu na kifua, akaelewa, na tangu siku hiyo akawa mkali kuliko mimi.

Kwa hiyo kwa aliyepasuliwa, mwenye mapacha, mwenye maumivu ya mikono au mgongo, na mwenye mtoto mdogo sana anayehitaji kushikiliwa kichwa kwa uangalifu, naupendekeza mto mgumu wenye mkanda, na atautumia wiki za mwanzo kuliko wakati mwingine wowote. Mtoto akishajua kukamata titi na shingo ikikaza, wengi wanauacha wenyewe. Kwa mwenye matiti makubwa au kiwiliwili kifupi, ningemwomba aazime kwanza. Na kwa yule ambaye chuchu zinauma na anadhani mto utamponya, akamwone mkunga kabla ya kwenda dukani. Wangu bado upo kabatini, foronya zote mbili zimefuliwa, na ndugu zangu wanajua wanaweza kuja kuujaribu kabla hawajanunua wao.