Uzoefu wangu: ufukwe wa Matema, Ziwa Nyasa, ukiwa na watoto wadogo

Shule zikifungwa Juni, familia nyingi za Mbeya huanza kupiga hesabu za Zanzibar, na nyingi huishia kwenye hesabu. Kwa mtoto wa miaka minne anayetaka mchanga, maji na jua tu, Matema inatosha kabisa, na iko mkoa huuhuu. Kuna jambo moja ambalo hata visiwa vya baharini haviliwezi: ziwa halina kupwa na kujaa. Pwani ya mashariki ya Unguja maji yakitoka, mtoto atayafuata mbali, huku akikanyaga mwani na mawe. Matema maji unayakuta palepale ulipoyaacha. Hayana chumvi, hayawashi macho, na nguo za kuogelea hazihitaji kusuuzwa.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja imekatwa na maji yenyewe, kwa hiyo nianze na maji.

Matema iko pembe ya kaskazini ya ziwa, chini kabisa ya Milima ya Livingstone. Upande wa mashariki, kuelekea Lyulilo na Ikombe, mlima unashuka moja kwa moja hadi ziwani na kuendelea kushuka chini ya maji. Kina kinaingia ghafla, miamba ni mingi. Huko ni pazuri kwa kijana anayejua kuogelea na mwenye miwani ya maji, maana wale samaki wadogo wa rangi, wa bluu na wa njano, wanakaa kwenye mawe hayo. Watoto wadogo wabaki kwenye mchanga wa katikati ya ufukwe. Kabla hujawaruhusu, ingia mwenyewe utembee hatua kumi kuelekea ndani na uone maji yanakufika wapi. Mawimbi huchimba na kujaza mchanga, na palipokuwa na kina cha magoti mwaka jana leo panaweza kuwa kifuani.

Upepo ndio unaoamua siku. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na upepo wa kusi unapovuma, takriban Mei hadi Agosti, unasukuma mawimbi safari yote hiyo mpaka yaangukie Matema. Bahati mbaya Juni imo ndani ya kipindi hicho. Haina maana usiende. Maana yake ni kwamba watoto waoge asubuhi, kabla upepo haujapata nguvu. Ukiona mawimbi yanavunjika mfululizo na maji yamekuwa ya rangi ya udongo pembeni, wachezee mchanga tu. Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba ziwa huwa limetulia zaidi na jua ni kali, ila hapo shule zimefunguliwa. Anayeweza kuiba wikiendi aende. Machi hadi Mei sikushauri. Kyela, wilaya ilipo Matema, ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi nchini, mito inafurika na maji ya ufukweni yanachafuka.

Yale maboya ya kupulizwa, ya bata na tairi, yaache nyumbani. Asubuhi mapema upepo mwepesi hushuka kutoka mlimani kwenda ziwani, na kwa macho huoni wimbi lolote. Mtoto aliyekaa juu ya boya anasogezwa nje taratibu, na mzazi anastuka mtoto ameshapita pale mtu anapoweza kusimama. Jaketi okozi la saizi yake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, ndilo la kununua. Pia kumbuka maji baridi ya ziwa, baridi kwa maana ya yasiyo na chumvi, hayamfanyi mtu aelee kama ya bahari. Aliyejifunza kuelea Dar atajiona mzito kidogo hapa.

Sasa kichocho. Wapo watakaokwambia hakuna, na wapo watakaokukataza hata kunawa miguu. Ukweli ni kwamba Ziwa Nyasa linacho, lakini hakijasambaa sawasawa. Konokono wanaobeba vimelea wanapenda maji yaliyotulia yenye matete na majani, hasa karibu na makazi, ambako watu wanaingia majini kila siku. Mchanga ulio wazi unaopigwa na wimbi una hatari ndogo zaidi, ingawa si sifuri. Vimelea hutoka kwenye konokono kwa wingi jua linapokuwa utosini, sababu nyingine ya kuoga asubuhi. Epuka ghuba zenye matete na pale akina mama wanapofulia na kuosha vyombo. Mkirudi nyumbani subirini wiki sita hadi nane, kisha mwende kituo cha afya mpewe dawa ya praziquantel, dozi kwa uzito. Ukiinywa siku ya pili baada ya safari unajidanganya, kwa sababu inaua minyoo iliyokomaa na hiyo bado ni michanga.

Mamba na kiboko wapo midomoni mwa mito, hasa Lufilyo upande wa magharibi. Kwa hiyo matembezi ya miguu kuelekea mtoni na watoto, hapana. Na jioni giza likiingia kila mtu awe ametoka majini, popote alipo. Ukifika, msalimie mvuvi mzee yeyote anayeshona nyavu: “Shikamoo mzee. Maji ya leo yanasemaje? Watoto waogee wapi?” Jibu lake ni bora kuliko la mhudumu wa mapokezi, ambaye kazi yake ni kukuuzia chumba.

Jua nalo lina tabia yake. Mlima uko mashariki, hivyo asubuhi ufukwe unabaki kivulini muda mrefu kuliko unavyotegemea. Mzazi anaona kumepoa anasahau mafuta, halafu jua likishavuka kilele linawaka kwa nguvu zote. Watoto wa Mbeya mjini wanatoka mwinuko wa mita kama 1,700 na kushuka hadi chini ya 500. Joto la Kyela linawachosha haraka kabla hawajasema wana kiu. Lita mbili za maji ya kunywa kwa kila mtoto kwa siku si nyingi. Kofia, fulana ya mikono mirefu ya kuingia nayo majini, na losheni ya SPF 30 au zaidi inayopakwa upya kila baada ya saa mbili. Kivuli cha miembe kipo, wahi kukishika.

Njia imekuwa rahisi tangu kipande cha Kikusya, Ipinda hadi Matema, kilomita 39, kilipowekwa lami. Kutoka Uyole, Mbeya, unapanda hadi Isyonje kwenye ukungu na baridi, unapita Tukuyu, kisha unateremka kwenye migomba, kakao na mashamba ya mpunga. Mteremko ule ushuke kwa gia ndogo. Anayekanyaga breki kuanzia juu mpaka chini atanusa harufu ya breki kabla hajaona ziwa. Mtoto anayetapika kwenye kona asipewe maziwa asubuhi hiyo; ndizi moja na mkate mkavu vinatosha. Kwa usafiri wa umma, panda Kosta ya Kyela, halafu utafute Noah ya Matema. Fedha taslimu toa Kyela mjini, usitegemee mawakala wa Matema kuwa na salio la kutosha siku ya Jumamosi.

Malazi ni ya viwango vyote, kuanzia vyumba vya kawaida hadi vibanda vizuri vinavyotazama maji. Kitu cha kukagua ni kimoja: chandarua. Kitandaze chote na ukiangalie dhidi ya mwanga kabla hujalipa, au beba cha kwako. Malaria ya Kyela si utani kwa mtoto aliyekulia kwenye baridi. Akipata homa wiki moja au mbili baadaye, mwambie daktari mlikuwa ziwani.

Chakula ni kizuri lakini hakina haraka. Agiza cha mchana mara tu unapomaliza chai, maana mara nyingi mpishi anaenda kumtafuta samaki baada ya wewe kuagiza. Mbasa wa kuchoma na wali wa mchele wa Kyela, hapo sina neno. Mbasa ana miba midogo mingi, mchambulie mtoto mwenyewe.

Mkiweza kulala Ijumaa, Jumamosi asubuhi kuna soko la vyungu Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu. Wanawake wa Kikisi huvileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Kabla ya kununua, kinyanyue chungu, kiweke juu ya kiganja kilicho wazi na ukigonge kwa kifundo cha kidole: kikilia kwa sauti kavu inayodumu, kiko sawa; kikitoa sauti iliyokufa, kina ufa hata kama huuoni. Kifungeni kwa majani makavu ya mgomba na mkiweke sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, si kwenye buti na mabegi.

Kurudi, ondokeni kabla ya saa nane mchana. Kupanda ni polepole kuliko kushuka, malori ya mpakani Kasumulu yanatambaa mbele yenu, na Isyonje gizani pakiwa na ukungu dereva haoni hata mstari wa barabara. Masweta yakae juu ya begi, si chini ya taulo zilizolowa.