Bima ya nyongeza kwenye gari la kukodi Kigoma na Tabora: ipi ulipie, ipi uiache

Kabla ya kulipa shilingi moja ya nyongeza, yaani pesa ya juu ya kodi ili usidaiwe gari likiharibika, simama mbele ya gari utazame namba zake. Namba za njano ni za gari binafsi, nyeupe ni za biashara. Magari mengi yanayokodishwa Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu na Tabora ni ya watu binafsi: Noah, RAV4, Prado, yenye namba za njano na bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi. Bima ya namna hiyo kwa kawaida ina sharti kwamba gari lisikodishwe wala lisibebe abiria kwa malipo. Ukipata ajali nalo na ikajulikana ulikuwa umelikodi, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa dai. Nyongeza utakayolipa juu ya bima kama hiyo haina kitu cha kuegemea.

Basi hatua ya kwanza haigharimu chochote. Chukua namba ya gari au ya stika ya bima, ingia kwenye TIRA-MIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, uangalie kama stika ni hai, inaisha lini na ni ya bima gani. Kisha mwandikie mwenye gari WhatsApp, ili jibu lake libaki kwenye simu yako: "Habari za leo kaka. Bima ya gari ni kubwa au ndogo? Imekatwa kwa biashara ya kukodisha? Eksesi ni kiasi gani? Naomba picha ya hati." Eksesi ni kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho bima kubwa haikilipi. Anayekodisha kwa utaratibu hukujibu haraka. Anayekuambia "usijali, bima ipo" bado hajakujibu.

Tofauti ya bima hizo mbili inaonekana kwenye bei. Bima ndogo ya gari dogo la binafsi ni karibu shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT, na inalipa watu uliowagonga na mali zao tu. Gari ulilokodi likipinduka, hasara hiyo ni ya kwako na mwenye gari kuzungumza. Bima kubwa ya gari binafsi, inayolipa na gari lenyewe, huanzia karibu asilimia 3.5 ya thamani: gari la milioni 30 ni 1,050,000 kabla ya VAT. Ndiyo maana wenye magari wengi hukata ndogo.

Nyongeza yenyewe, ambayo mikataba mingine huiandika CDW, kwa kweli si bima. Ni ahadi ya mwenye gari kwamba gari likiharibika hatakudai eksesi, au atakudai sehemu yake tu. Nguvu yake ni nguvu ya karatasi uliyosainiwa. Ahadi ya mdomo usiilipie.

Sasa mpangilio wetu, kuanzia chaguo tunaloliamini zaidi.

La kwanza ni gari la namba nyeupe pamoja na dereva wa mwenye gari. Kwa safari ya Uvinza kwenda Mpanda kupitia Mishamo, au vijiji vya Buhigwe na Kakonko wakati wa mvua, hakuna nyongeza inayoshinda hili. Usukani hauko mikononi mwako, na mkataba ukisema wazi kwamba uharibifu wakati dereva anaendesha si juu yako, eksesi si mzigo wako. Posho na malazi ya dereva mara nyingi hukaribiana na bei ya nyongeza, na dereva huyo anajua ni daraja lipi limekatika. Sisi tungetoa pesa hapa kwanza.

La pili ni kuendesha mwenyewe gari lenye bima kubwa ya biashara, bila nyongeza. Linafaa kwa siku 1 hadi 3 za lami, tuseme Tabora–Nzega au Tabora–Urambo mchana, ikiwa eksesi ni kiasi unachoweza kukitoa bila kuuza kitu.

La tatu ni gari hilohilo pamoja na nyongeza. Hapa piga hesabu. Tuseme eksesi ni 1,500,000 na nyongeza ni 40,000 kwa siku. Siku 5 ni 200,000, bei inayovumilika kwa mtu anayeingia barabara za udongo. Siku 20 ni 800,000, zaidi ya nusu ya eksesi yenyewe, na gari likirudi zima hurudishiwi hata senti. Kumbuka pia Gombe hakufikiki kwa gari: unapanda boti, gari linabaki Kigoma limeegeshwa, nyongeza inaendelea kuhesabika. Omba siku hizo zitolewe.

Lakini soma yaliyoachwa nje, maana ndiyo yanayotokea huku. Matairi na rimu. Kioo cha mbele, ambacho jiwe la lori la tumbaku hukipasua kwa sekunde. Ufunguo uliopotea. Gharama ya kuvuta gari kutoka Kaliua hadi Tabora. Siku ambazo gari liko gereji na mwenyewe anakudai kodi. Zaidi ya yote, chini ya gari na maji kwenye injini.

Hayo mawili ya mwisho yanahitaji kueleweka. Jiwe likipasua sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, oili inavuja, taa nyekundu ya oili inawaka. Ukizima hapohapo, hasara ni sampo na oili. Ukisema utafika kijiji cha mbele, injini inanoki, na bima inaweza kulipa sampo ikakataa injini, kwa sababu injini imeuawa na kuendelea kuendesha, jiwe halikuifikia. Maji nayo hivyohivyo: ukiingia kwenye mkondo yakafika kwenye njia ya hewa, pistoni haiwezi kuyakandamiza, konrodi, yaani mkono wa pistoni, inapinda. Gari likizimika ndani ya maji usipige stata hata mara moja. Livutwe, plagi zifunguliwe kwanza, na la dizeli noza. Kama unalipia nyongeza kwa ajili ya barabara za udongo na haitaji chini ya gari, matairi na kioo, haifai safari yako.

La nne ni bima ya kadi ya benki au ya safari, kwa wageni wanaotoka nje. Kwa kawaida inadai kodi ilipwe kwa kadi hiyohiyo, na mwenye gari wa huku anataka pesa taslimu au ya simu. Hapo kinga imeshaondoka.

La mwisho, tusilopendekeza, ni gari la bima ndogo na dhamana kubwa ya fedha unayoacha kwa mwenye gari.

Unayevuka Manyovu kwenda Burundi, nyongeza ya kawaida haikuhusu. Unahitaji ruhusa ya maandishi ya mwenye gari na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo inashughulikia madhara kwa watu wengine na matibabu yenu mliomo garini. Bodi la gari lenyewe hailigusi.

Siku ya kulichukua, piga video: kioo, rimu zote, spea, jeki, spana ya magurudumu, chini ya bampa, kilomita na mafuta. Itume kwa mwenye gari kabla hujawasha. Ukipata ajali, piga 112, majeruhi wapatiwe PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), piga picha gari kabla halijasogezwa, mjulishe mwenye gari siku hiyohiyo, naye aijulishe kampuni ya bima. Usimlipe mwenye mbuzi au bodaboda ili yaishe palepale, wala usiandike kwamba kosa ni lako. Bila ripoti ya polisi na mchoro wa ajali, dai halisogei, na mwenye gari atakata kwenye dhamana yako.