Injini ya plastiki ya kuunganisha: inafundisha vizuri, ila betri zisubiri

Majina kwenye maboksi yanatofautiana, lakini vilivyomo vinafanana: bloku ya plastiki inayoonyesha ndani, pistoni nne, kranki (mhimili unaogeuzwa na pistoni), valvu nane za kupitisha hewa na moshi pamoja na springi zake, kemshafti au kem (mhimili unaofungua valvu), mkanda wa taiming unaounganisha mihimili hiyo miwili, mota ndogo, na vitaa vinne vinavyokaa mahali pa plagi za kuwasha petroli. Vipande vinapita mia. Mtoto wa miaka kumi akiwa na mtu mzima pembeni atamaliza kwa saa tatu au nne. Mdogo zaidi huchoka akifika kwenye springi.

Mipigo minne inaonekana waziwazi: pistoni inashuka ikivuta hewa na petroli, inapanda ikikandamiza, inasukumwa chini na mlipuko, inapanda tena ikitoa moshi. Mwambie mtoto ahesabu meno ya gia mbili za mbele. Ya kemshafti ina meno mara mbili ya ile ya kranki. Akizungusha kranki kwa mkono raundi mbili, kem inazunguka moja tu. Kwa somo hilo peke yake boksi limerudisha hela yake.

Kasoro kubwa ni mota. Ukiweka betri, mota ndiyo inayozungusha kranki na pistoni zinaburutwa. Kwenye injini ya kweli ni kinyume: mlipuko unasukuma pistoni, pistoni inageuza kranki. Kwa hiyo mota ifungwe mwisho kabisa. Kabla ya kufunga silinda hedi (kifuniko cha juu ya bloku), mtoto asukume pistoni namba 1 kwa kidole kutoka juu. Ikiwa juu kabisa, kranki haisogei hata akikaza. Ikivuka pale kidogo tu, inageuka. Hapo muulize: ni nini kinachoivusha? Ndipo umwonyeshe fraiwili, gurudumu zito la mwisho wa kranki, ambalo uzito wake ukishazunguka haukubali kusimama ghafla.

Mahali panapoharibika mara nyingi ni taiming, yaani kem na kranki kwenda sawa. Wakati wa kuvuta mkanda, springi za valvu husukuma kem ikageuka jino moja au mawili bila mtu kuona. Kagua hivi: pistoni namba 1 ikiwa juu na valvu zake zote mbili zimefungwa, ndipo kitaa chake kiwake. Kikiwaka pistoni ikiwa katikati ya njia, vua mkanda, linganisha alama za gia mbili, urudishe. Kingine ni skrubu. Plastiki haitaki nguvu, kaza kwa vidole viwili na uishie pale bisibisi inapoanza kugoma, la sivyo uzi unaliwa. Kila ukifunga kifuniko cha konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), zungusha kranki kwanza. Ikigoma, ujue kifuniko hicho kimegeuzwa. Grisi ya silikoni, tone dogo, inatosha. Ukizidisha, vumbi la Dodoma la kiangazi litaganda humo na gia zitakwama.

Boksi linaonyesha injini ya petroli tu, wakati mtoto wa hapa anaisikia dizeli kila siku kwenye mashine ya kusaga. Hilo jazia kwa pampu ya baiskeli: ziba tundu kwa kidole, apige haraka mara kadhaa, kisha aguse sehemu ya chini. Imepata joto. Injini ya petroli hukandamiza hewa takribani mara 8 hadi 12, ya dizeli mara 14 hadi 22, na kwenye dizeli joto hilo ndilo linalowasha mafuta bila plagi. Injini ya mipigo miwili utaikuta kwenye mabomba mengi ya injini ya kupulizia dawa mashamba ya zabibu. Oili yake huchanganywa na petroli, mililita 20 kwa lita pale maelekezo yanaposema 1 kwa 50, kwa kuwa mchanganyiko hupita ndani ya kasha la kranki na ndio unaolainisha.

Treni ya SGR (reli ya kisasa), iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, haiendeshwi na pistoni hata moja. Inavuta umeme kutoka waya wa juu. Ile mota ndogo ya boksi ikishachoka usiitupe. Ifungue: sumaku, waya wa shaba uliosukwa, na brashi. Ni somo jingine zima.

Dukani, omba boksi lifunguliwe. Hesabu springi ziwe nane na ziada walau moja, na ukunje mkanda uone kama umepasuka, kwani mpira uliokaa stoo hukauka.